Wifi Anasumbua

"Sindano, una dakika ishirini."

"Kumi zinanitosha."

"Usijitape. Ukikosea, kaka yako utamweleza mwenyewe."

Simu ikakatika. Mkuu wake hakuwa na tabia ya kuaga, na Sindano hakuwa na tabia ya kumsamehe. Aliitia simu mfukoni, akabonyeza kitufe cha lifti.

Ghorofa ya sita.

Saa ilikuwa tisa na nusu alasiri. Juu kulikuwa na ofisi ya mtu aliyeitwa Bosi, mwagizaji wa dawa. Dawa zenyewe zilikuwa unga wa chaki ndani ya makopo mazuri. Mfamasia wa ghala lake aliwakuta watu wakibandika lebo, akapiga picha, akatoroka. Jumatatu alitakiwa mahakamani. Serikali ilimficha vizuri kiasi kwamba hata Sindano, kachero wake, hakujua aliko, ingawa mfamasia huyo alikuwa mke wa kaka yake. Wifi yake wa pekee. Mbishi, mcheshi, na hashauriki.

Bosi alikuwa na alama mbili tu za kumtafutia mfamasia huyo. Aliijua sauti yake, kwa kuwa alimsikia kwenye simu ya ghala miaka miwili. Na alijua kwamba anaupenda kupita kiasi mchezo wa redio wa *Mtaa wa Kona Tisa*, maana meza yake ilijaa stika zake.

Mashabiki wa mchezo huo walikuwa na jumuiya yao mtandaoni, watu zaidi ya mia tatu, wote kwa majina ya utani. Kwenye maandishi mtu hujificha. Kwenye sauti hajifichi. Kwa hiyo Bosi alijiunga, akajiita Shabiki Namba Moja, akawaahidi chumba cha sauti ili waisikilize sehemu ya mwisho ya mchezo pamoja, saa kumi kamili. Tatizo ni kwamba hakujua kukitengeneza. Akaomba fundi miongoni mwa mashabiki.

Sindano alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Mlangoni alisimama baunsa mwenye shingo nene, Jiwe.

"Mikono juu. Fungua mkoba. Vua koti."

"Nimekuja kufunga programu, sikuja kuoga."

Jiwe hakucheka. Aliupekua mkoba: laptopu ya Lenovo, hedifoni mbili, maikrofoni ya mezani yenye stendi ya chuma. Bastola yake ya Glock ilibaki chini, ndani ya Toyota. Jiwe akamsukuma ndani.

Bosi alikaa nyuma ya meza tupu. Alikuja nchini kwa meli, na Kiswahili chake alikiokota kwa wapakuaji wa mizigo. Kwake mtu, mbuzi na meza vyote vilikuwa "iko".

"Wewe iko fundi?"

"Iko," Sindano alijibu.

"Mimi nataka ona kila mtu iko ingia kutoka wapi. Mtaa, nyumba. Kwa usalama ya mashabiki."

"Kwa usalama," Sindano alikubali, na moyoni alimchukia kuliko alivyotarajia.

Alianza kazi. Akaisimamisha seva, akafungua chumba, akakipa neno la siri, akawapa wasimamizi vyeo vyao. Wasimamizi walikuwa wanne na walichukiana. Kila mmoja aliandika kutaka awe juu ya mwenzake. Sindano aliwapa wote cheo kimoja, wakaungana kumtukana yeye. Kisha akaweka kitufe cha kuongelea, F9. Ukikishikilia, unasikika, ukikiachia, husikiki. Ukikigonga mara mbili, maikrofoni hubaki wazi na taa yake nyekundu huwaka. Hilo la mara mbili hakumwambia Bosi.

Wala hakumwambia njia ambayo kila mgeni angepitia kabla ya kufika chumbani.

Saa kumi kasoro tano.

Majina yakaanza kumiminika. Kumi. Themanini. Mia mbili. Bosi alivaa hedifoni ya pili, akafumba macho, akazisikiliza sauti moja moja kama mtu anayechambua mchele. Walipiga kelele, waligombana, walilalamikia mtandao.

"Wifi yangu inakatakata!"

"Ya kwangu imekufa kabisa!"

"Nyamazeni, mchezo unaanza!" Huyo alikuwa Mwalimu Mstaafu, mzee aliyesahihisha kila aliyekosea, hata kwenye salamu za rambirambi.

Ndipo jina likatokea chini ya orodha.

*Kijiko.*

Sindano akalisoma mara mbili. Kijiko lilikuwa jina la wifi yake. Alikatazwa mtandao. Alikatazwa mara tatu. Lakini miezi miwili ndani ya chumba kimoja, na mchezo wenyewe ni wa mwisho! Maikrofoni ya Kijiko iligeuka kijani. Alikuwa anavuta pumzi aongee.

Sindano akaibana F9.

"Samahani jamani, wifi yangu anasumbua! Nimemwambia atulie, hatulii. Sasa azime kabisa, asitoe hata sauti!"

Bosi hakufumbua macho. Fundi analalamikia mtandao, basi.

Lakini Mwalimu Mstaafu aliruka.

"Wewe Sindano! Wifi *inasumbua*. *Izime*. Ya kwako ina miguu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Bosi naye akatabasamu bila kujua anachotabasamia. Sindano aliitazama ile nukta ya kijani. Sekunde moja. Mbili. Ondoka, wifi, nakuomba, usibishe leo tu.

Nukta ikazimika. Jina likatoweka.

Mchezo ukaanza, ukaisha. Bosi alisikiliza hadi mwisho, kisha akaing'oa hedifoni na kuibamiza mezani.

"Hakuna! Leta orodha. Mimi tatuma watu kila nyumba."

Sindano akamgeuzia skrini. Majina mia tatu na kumi na mawili, na mbele ya kila jina anwani. Bosi akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kwa nini yote iko sawa?"

"Kwa sababu wote wamepitia mlango mmoja." Kidole chake kiligonga F9 mara mbili. "Wa kwangu."

"Wewe iko nani?"

"Fundi."

Uso wa Bosi ukaiva. "Wewe najua hiyo mwanamke ya famasi! Mimi takata shingo yake, kama ile karani ya ghala mimi nazika nyuma ya jenereta. Na wewe tazika hapo hapo!"

Kwenye sikio la Sindano, Mwalimu Mstaafu alifoka: "*Yule* karani! *Nilimzika!* Nani huyu anayeongea ovyo..." Kisha akakatiza. Watu mia tatu wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu jumuiya ianzishwe.

"Taa nyekundu," Sindano alisema. "Wamekusikia wote. Na Mkuu wangu anarekodi."

Bosi akaitazama taa. Mkono wake ukaingia kwenye droo.

Stendi ya chuma ikatua juu ya kifundo cha mkono huo. Kitu kikavunjika, na hakikuwa stendi. Bastola ikaanguka, Sindano akaisukuma kwa mguu hadi ukutani. Mlango ukafunguliwa. Jiwe akaingia, mikono kichwani, askari watatu wa Mkuu nyuma yake.

"Mikono juu," Sindano alimwambia akipita. "Ahsante, naona umeshainua."

Simu ikalia kwenye lifti.

"Wifi yako alifuata nini mtandaoni?" Mkuu aliuliza.

"Muulize mwenyewe. Mimi hanisikilizi."

"Leo amekusikiliza."

Simu ikakatika bila kwaheri.

Barabarani jua lilikuwa bado kali. Aliufungua ukurasa wa mashabiki. Humo vita vilikuwa vimeshaanza upya kuhusu nani abaki msimamizi. Katikati ya matusi, Kijiko alikuwa ameandika mstari mmoja:

*Leo wifi yangu amenisumbua sana. Namshukuru.*

Sindano alisubiri sahihisho. Alimwona Mwalimu Mstaafu akiandika, akiacha, akiandika tena.

*Sahihi*, aliandika mzee. *Na lile 'anasumbua' la mwanzo pia. Niwieni radhi.*

Sindano aliifunga simu, akavaa miwani ya jua, akaliendea gari lake bila haraka.