Karatasi Iliyotaka Jibu

Kila Jumamosi Verlene Tuggle alikata majani mbele ya nyumba isiyokaliwa na mtu, hapa Cleveland, Marekani. Madirisha yalikuwa yamepigwa mbao. Mabomba ya shaba yalishaibwa. Nyumba ilikuwa yake.

Miaka mitatu nyuma, mumewe alipunguzwa kazi, wakashindwa kulipa mkopo wa nyumba. Ikaja karatasi ya mahakama: benki inawashtaki. Verlene alisoma mistari ya juu tu, aibu ikamshika. Akapiga deki nyumba nzima, akaacha funguo juu ya meza ya jikoni, akahamia na mumewe na watoto kwa dada yake. Nusu ya mtaa walifanya vivyo hivyo. Waliona kuondoka kabla ya kufukuzwa ndiyo uungwana. Uungwana kwa nani? Kwa benki iliyogawa mikopo kama karanga!

Benki ikaona nyumba haiuziki, ikaitelekeza kesi. Hati ya nyumba ikabaki na jina la Verlene. Alijua hilo siku jiji lilipomwita mahakamani, kama mwenye nyumba, kwa kosa la kuacha majani marefu.

Kwenye korido ya mahakama alikutana na Bi Ernestine Pruitt, mshauri wa nyumba asiyetoza ada.

"Nani alikwambia uondoke?" Bi Ernestine aliuliza.

"Karatasi."

"Hebu nionyeshe wapi."

Verlene aliitoa mkobani, akatafuta. Hapakuwa na neno "ondoka". Kulikuwa na neno "jibu": jibu kwa maandishi, ndani ya siku ishirini na nane. Alilia palepale.

Sasa, Jumamosi moja ya Mei, alimwona Mzee Tadeusz Wrona, jirani wa mkabala, akipakia viti kwenye gari.

"Unahamia wapi, mzee?"

"Kwa binti yangu. Benki wanataka nyumba yao. Nimewafagilia hata darini, wasije wakasema sisi Wapolandi ni wachafu."

Verlene alizima mashine ya kukatia majani. "Karatasi imekuja lini?"

"Wiki iliyopita."

"Basi shusha viti. Mimi nilipiga deki. Tazama nyumba yangu."

Mzee aliitazama.

Verlene akamweleza kama alivyoelezwa. Kushtakiwa si kufukuzwa. Nyumba ni yako mpaka mahakama iamue, iuzwe mnadani, na jaji athibitishe mauzo. Peleka jibu kwa karani wa mahakama kabla siku hazijaisha. Omba usuluhishi, ukae meza moja na benki. Akija tapeli kukwambia umsainie hati ya nyumba ili akuokoe, mfungie mlango.

"Na kama nitashindwa?"

"Utaondoka ukiwa umejitetea. Mimi hata hilo sikulipata."

Jumatatu alimpeleka kwa Bi Ernestine. Jibu likaandikwa, likapelekwa siku ya kumi na tatu. Usuluhishi ulichukua miezi mitano. Mwishowe benki ilikubali kurefusha mkopo na kupunguza malipo ya kila mwezi. Viti vikarudi ukumbini.

Nyumba ya Verlene haikuwa na wa kuiokoa. Mwaka uliofuata jiji liliibomoa asubuhi moja, kabla ya saa sita. Kilibaki kiwanja, bado kwa jina lake, na majani.

Jumamosi alipofika na mashine yake, alikuta majani yamekatwa, mpaka kwenye kingo. Mzee Wrona alikuwa amekaa barazani kwake, jasho linamtoka.

"Hukunituma," alisema, "lakini nami nilikuwa nadaiwa jibu."

Verlene alisimama pale mlango wake ulipokuwa. Mashine haikuwa na kazi, naye hakujua aweke wapi mikono.