GARI JEKUNDU LILILOPOKEWA KAMA NG'OMBE

"Tulikuya kukamata ndama yetu."

Ngoga alisema hivyo akiwa katikati ya ua wangu, kofia kichwani, fimbo mkononi, na nyuma yake wanaume watano waliovaa makoti ya heshima.

Na kidole chake hakikuelekea zizini...

Kilimwelekea binti yangu!

Miriamu ndiyo kwanza alikuwa ametoka jikoni na sinia la chai. Vikombe vikaanza kugongana. Nikamgeukia mume wangu, nikitegemea atasimama, afoke, awafukuze hao watu na fimbo zao.

Nyie! Mume wangu alikuwa anatazama gari.

Ngojeni. Nimeanza na hasira, na hasira haijui kusimulia. Niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi naitwa Apolline. Sisi ni wafugaji wa milima ya juu, Kivu Kusini kule Kongo, na hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, tumeishi miaka mingi sasa. Tulifika hapa mikono mitupu. Mzee mmoja wa kijiji jirani cha Masha akatuonea huruma, akatupa mtamba mmoja. Kutoka kwa huyo mtamba, kwa kufunga mkanda na kulala njaa, tukapata zizi. Zizi la kweli, wapenzi! La kumfanya jirani akusalimie kwa majina yako yote. Maziwa ya zizi hilo ndiyo yaliyomsomesha Miriamu mpaka akawa mwalimu wa chekechea, msichana wa miaka ishirini na miwili anayejitegemea.

Mume wangu anaitwa Musoni. Mpole. Hanywi. Anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Ungeniuliza kasoro yake, ningekutajia kukoroma tu.

Halafu akaliona gari la Ngoga.

Ngoga ni mtu wa kwetu, ila yeye Mungu alimfungulia. Nyumba yake iko Ruharo, pale Mbarara, na ng'ombe wake wako Endiinzi, wengi mpaka wachungaji wake wenyewe wanachanganya majina. Nyuma ya hiyo nyumba kulikuwa na gari la michezo la zamani, limepandishwa juu ya matofali. Jekundu. Viti viwili. Paa lake la turubai, unalikunja nyuma unabaki wazi, upepo unakupiga usoni kama mtu wa kwenye sinema.

Halikuwaka. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Basi Musoni kila akienda mjini, lazima apite Ruharo "kumsalimia ndugu." Kumbe anaenda kulifuta vumbi!

"Ile gari, Mama Miriamu, habatengenezake tena," ananiambia huku macho yanang'aa. "Unafungua juu, unaona mbingu yote!"

"Mbingu minaionaka kila siku nikienda kuteka mayi," nikamjibu.

Hakusikia. Mwanaume akipenda, masikio ndiyo yanatangulia kufa.

Akaomba auziwe. Ngoga akakataa. Akaomba tena. Ngoga akakataa tena, na mimi nikafurahi kimoyomoyo, nikajua yameisha.

Hayakuisha. Ikaja harusi ya mpwa wa Ngoga, hapo hapo Ruharo. Watu wamejaa, wazee wetu wote mstari wa mbele. Ngoga akasimama na kipaza sauti.

"Musoni! Weye ni ndugu yangu. Siwezi kukuuzishia kintu. Ile gari minakupa... minakupa vile tunapeanaka ng'ombe!"

Vigelegele! Makofi!

Mimi sikupiga makofi.

Kwa wasiojua mambo yetu, niwaeleze. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, hulipi. Kulipa ni kumtukana. Unasimama mbele za watu, unainua mikono juu kama pembe, unamsifu aliyekupa pamoja na baba zake. Ukishafanya hivyo, nyinyi ni ndugu. Aliyetoa hawezi tena kumdai ng'ombe yule yule, akimdai atachekwa hadi kaburini. Lakini wewe uliyepokea, ng'ombe akizaa jike, unamrudishia ndama. Ndiyo shukrani. Hiyo haikwepeki.

Kuuza kunakata kamba. Kupeana kunaiacha kamba, na ncha moja iko mkononi mwa aliyetoa.

Nikamvuta Musoni koti.

"Papa Miriamu, sema aksanti ya kawaida tu. Gari haizalake!"

"Nyamaza, batu banatuangalia."

Akasimama. Akainua mikono kama pembe! Akamsifu Ngoga, akamsifu baba yake Ngoga, akamsifu na babu ambaye hakumjua. Akalipa gari jina la ng'ombe hapo hapo, Gaju, kwa sababu ya ule wekundu wake. Vijana wakacheka. Wazee hawakucheka. Wazee walitikisa kichwa polepole kukubali, maana wamesikia na wameshuhudia.

Nilirudi Nakivale siku hiyo nikihesabu ng'ombe wetu kichwani.

Sasa niwaambie maisha na Gaju.

Gari lina viti viwili na sisi tuko sita nyumbani. Jumapili Musoni anaendesha, pembeni yake kiti kimekaliwa na Biblia, sisi tunakuja nyuma kwa miguu tunakula vumbi lake. Tumbo la gari liko chini, kila jiwe la Nakivale linalijua. Paa lenyewe lilikuwa limeoza, mvua ikinyesha analifunika kwa turubai jeupe, lile lile tulilojengea kibanda tulipofika. Nilililia hilo turubai, sisemi uongo.

Siku moja tukiwa njiani kwenda Mbarara, likachemka pale Masha. Moshi! Mwanamume wa pale akasimamisha baiskeli yake yenye mikungu ya matoke, akatuzunguka.

"Mzee, hii gari yako hakuna kichwa?"

"Ni ya kufungua!" Musoni akajibu kwa kiburi.

"Eh. Sasa mvua nakuja, wewe nafungua nini?"

Nilicheka mpaka nikasikia aibu. 

Kule mjini kulikuwa na fundi wetu mwenyewe, Damascène, Mkongomani mwenzetu. Kazi yake safi, hilo siwezi kumnyima. Lakini gari la zamani spea zake ni za kutafutwa kama dawa. Ng'ombe wa kwanza alikuwa ameshakwenda kwa injini, ndiyo gari likawaka na kutoka Ruharo. Mwingine kwa magurudumu. Mwingine breki. Mwingine rangi, eti nyekundu ya zamani ilikuwa imechoka! Kila nikipiga kelele, jibu ni moja.

"Mama Miriamu, hii ni ya mwisho."

Zizi likawa linapungua, gari linanenepa. Lilipofika mwisho, jamani, lilikuwa linang'aa mpaka unaweza kujipaka poda ukijitazama mlangoni. Paa jipya jeusi. Viti vya ngozi. Injini inanguruma taratibu. Ufunguo Musoni aliuvaa shingoni kwa kamba, anaoga nao, anaimba nao kwaya.

Na zizini alibaki Bihogo peke yake, mjukuu wa yule mtamba wa Masha.

Hapo ndipo Ngoga alipokuja na wazee wake.

Turudi uani.  Musoni akasimama, akajaribu kucheka.

"Ndugu yangu, ndama yako iko. Kamata Bihogo. Iko na mimba."

Nilikubali moyoni. Iliniuma, ila nilikubali. Bihogo aende, deni la urafiki liishe.

Ngoga akatikisa kichwa kukataa.

"Ng'ombe niko nazo mingi, Musoni. Miye nilikupa kintu nilipenda. Na weye unipe kintu unapenda. Mutoto wangu Prince anatafuta bibi."

Prince! Mnamjua Prince wa Ngoga? Mtu ambaye hata Jumapili asubuhi anatembea akiushika ukuta!

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Mila iko upande wa Ngoga, angalau ndivyo walivyoona, kwa kuwa mashahidi walikuwa wao wenyewe.

Sasa sikilizeni. Musoni alikuwa na neno moja tu la kusema. Moja! "Chukua gari lako." Kurudisha zawadi ya ng'ombe kwetu ni kuvunja undugu, ni kama kumtemea mtu mate. Watu wangetusema. Lakini nani anakufa kwa kusemwa?

Akalitazama gari.

Akamtazama binti yake.

Akalitazama gari tena...

"Ndugu yangu," akasema, "utupe muda. Tufikiri."

Tufikiri?!

Miriamu akaliweka sinia chini. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Papa... unafikiri nini?"

Musoni akainamisha macho.

Mimi sikumbuki nilivyovuka ule ua. Nakumbuka tu kamba ya shingo yake ikikatika mkononi mwangu na yeye akisema "aii!" Mwanamke haongei kwenye baraza la namna ile. Niliongea.

"Ngoga, shika gari yako! Undugu ukufe! Mutoto wangu hapana ndama!"

Nikamtupia ufunguo kifuani.

Nikasubiri fimbo. Nikasubiri laana, wazee wapige kelele kwamba nimewatia aibu, maana nilichofanya ni kikubwa, na nilikijua.

Wazee kweli waliguna. Lakini Ngoga...

Ngoga alitabasamu!

Kidogo tu, pembeni ya mdomo. Akainama upesi akaokota ufunguo, hata hakungoja kijana wake amwokotee.

"Basi. Kama munakataa urafiki yangu, miye siwezi kuwalazimisha. Batu wote banaona, hapana miye niliomba gari."

Habari ya Prince ikaishia hapo. Hakumtazama Miriamu tena. Akapiga mluzi kuelekea barabarani, na nani akaingia kutoka kwenye pikapu yao? Damascène, fundi wetu! Mkono mmoja galoni ya petroli, mkono mwingine utepe mweupe, ule mpana wa kufungia magari ya maharusi.

Nikauangalia ule utepe. Nikaangalia petroli.

Jamani, mtu anayekuja kuposa anabeba utepe wa gari kwa ajili gani?

Damascène alipoinama kujaza tangi, nikamsogelea. Hakuweza kuninyanyulia macho.

"Mama, unisamehe. Jumamosi kuko mariage, harusi ya batu, kule mujini. Ile gari balishaikodisha tangu mwezi ilipita. Ngoga ananiulizaka kila wiki kama imepona."

"Na Prince?"

"Prince? Mama... Prince hata hajue kama anaposa."

Nikakaa kwenye kigoda.

Mmeelewa sasa? Alitupa gari bovu, akijua mume wangu atalilisha. Likanenepa kwa ng'ombe zetu. Mwenyewe hawezi kulidai, mila inamkataza. Basi akaja kudai kitu ambacho hakuna mzazi angekitoa, ili sisi wenyewe tumrudishie gari kwa kulia, na lawama tubaki nayo sisi!

Paa likakunjwa. Gaju akaondoka na utepe wake, anang'aa kama siku ya ubatizo. Musoni, baba mzima, mwimba besi, alikimbia nyuma yake mpaka njia panda. Jirani yangu Constance alishuhudia, na Constance hana siri.

Alirudi jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamsimulia aliyoniambia Damascène. Mnajua alifanya nini?

Alifurahi!

Uso wake ulifunguka. Akamwendea Miriamu, aliyekuwa anamkama Bihogo.

"Unasikia, mutoto wangu? Ilikuwa bongo, uongo tupu! Ngoga alikuwa anadanganya. Hapana mutu alikuwa anakutaka!"

Miriamu hakuacha kukama.

"Ndiyo, papa. Ngoga alikuwa anadanganya."

Kisha akanyanyua uso.

"Lakini weye ulikuwa unafikiri kweli."

Akainamia tena kazi yake.

Wapenzi, nimeandika haya kwa sababu jana kuna dada kwenye kundi letu kauliza kama ni vibaya kupokea zawadi kubwa kwa mtu mwenye uwezo. Dada yangu, pokea, lakini kwanza uliza kitu hicho kinazaa nini, na nani atakuja kukichukua kikishanenepa. Na wewe baba unayependa chuma, kipende tu, sikukatazi. Ila ujue iko siku utaulizwa uchague, mwanao akiwa amesimama hapo hapo na sinia mkononi, na kufikiri kwako kutaonekana.

Ng'ombe watarudi. Bihogo amezaa juzi, jike, ana doa jeupe pajini.

Lakini kwetu binti humpa baba yake maziwa kwa mikono miwili, na baba hupokea kwa mikono miwili. Ndivyo Miriamu alivyofanya tangu alipojua kutembea. Siku hizi anaweka kikombe juu ya kigoda, anageuka, anaenda zake. Na kila jioni Musoni ananyoosha mikono yote miwili kabla hajakumbuka.