Jina Lililoachwa Porini

Ilibaki kidogo jenereta la chuo lizimwe, na Harithi alikuwa amesahau diski yake kwenye mashine. Akaomba ufunguo kwa Mwalimu Filbert, akaukata uwanja mbiombio, kandambili zikimpiga visigino. Ni kazi ndogo tu. Achomoe diski, awahi bwenini kabla Awadhi, mwenzake wa chumba, hajamaliza dagaa wote.

Alipofika mlangoni pa chumba cha kompyuta akasikia.

Tk...

Tk...

Tk.

Mtu anaandika. Anaandika taratibu, kwa kidole kimoja, kama asiyejua herufi zilipo.

Harithi akautazama mlango. Kufuli lilikuwa mahali pake. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Akafungua. Tk ikakatika.

Chumba kilikuwa giza, mashine zote zimelala, isipokuwa ile ya pembeni, ya kwake. Mwanga wake wa buluu ulilamba ukuta. Na hewa ilinuka. Ilinuka nyasi mbichi zinazoungua, na chini ya moshi huo, harufu nyingine aliyoijua lakini hakutaka kuikumbuka: dawa ya mizizi, ile inayopakwa kwenye kidonda cha jando.

Kwenye kioo cha mashine palikuwa na picha iliyochorwa kwa mkono wa mtoto. Kibanda. Moto mwekundu juu ya kibanda. Vijitu vya mistari vinakimbia, vyote vimegeuza migongo.

Na kimoja ndani ya moto, mikono juu.

Akagusa kiti. Kilikuwa na joto. Juu yake palikuwa na nyayo mbili za majivu, ndogo, za mtu asiyefikia meza bila kusimama kitini.

Kisha jenereta likazimwa.

Hakumbuki alivyofika bwenini.

Hiyo ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu, chuo kidogo cha kompyuta pale Nachingwea, na Harithi alikuwa amebakiza mradi mmoja tu amalize. Alikuwa akitengeneza programu ya kupanga ratiba za shule. Mwalimu Filbert aliisifu mbele ya wenzake, na Harithi aliishika sifa hiyo kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Kule kijijini Nkowe alikuwa na mama yake, Sikuzani, peke yake na mikorosho yake. Baba alishafariki. Kila salamu iliyotoka Nkowe ilikuwa na swali lilelile: lini? Na kila salamu iliyokwenda ilikuwa na jibu lilelile: nikimaliza mradi.

Angeweza kwenda. Si mbali hivyo. Lakini alipokwenda mara ya mwisho aliona aibu. Mama alimwongelesha Kimwera mbele ya mwanafunzi mwenzake, akacheka kwa sauti kubwa, akamfuta uso kwa upande wa khanga. Harithi akauondoa ule mkono. Tangu hapo, mradi ulizidi kuwa mkubwa kila mwezi.

Sasa, kuhusu ile mashine. Aliyeifungua alilijua neno la siri la Harithi. Na hakuna mtu aliyelijua.

Wiki ya kwanza chuoni Mwalimu Filbert aliwaambia wachague neno lisilotamkwa na mtu yeyote. Si jina la mchumba, si timu ya mpira. Wenzake walihangaika. Harithi alilipata papo hapo. Akaandika jina lake la utotoni.

Kwa watu wa kwao, mtoto wa kiume akitoka jandoni hutoka na jina jipya. Lile la zamani hubaki porini, na kumwita mtu mzima kwa hilo ni tusi la kuleta ngumi. Makungwi waliwaambia wazi: watoto mliokuwa wamefia humu. Siku ya kutoka walikichoma kibanda walicholala, wakawaambia kimbieni, msigeuke. Wakakimbia. Nyumbani akina mama walipiga vigelegele, na Sikuzani akauchukua uso wa mwanawe kwa mikono miwili, akauchunguza, akauchunguza, kama mtu aliyepewa mzigo usio wake. Kisha naye akapiga kigelegele.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa.

Harithi aliliandika. Asubuhi na jioni, karibu miaka miwili, herufi kwa herufi, na kioo kilionyesha vinyota tu. Aliona ni salama. Haliwezi kusikika.

Kesho yake akamweleza Mwalimu Filbert, bila kutaja nyayo.

"Kuna mjanja anakuchungulia ukiandika," alisema mwalimu. "Badilisha neno, uendelee na kazi."

Awadhi aliposimuliwa yote alicheka mpaka akakaa kitandani. "Noma, mshikaji. Jini linajua kompyuta kuliko mimi? Liambie lije linimalizie mradi."

"Nilikuta majivu kwenye kiti."

"Umekesha sana wewe. Lala."

Harithi akabadilisha neno. Mashine ikatulia. Jioni ikapita, na nyingine, chumba kikanuka vumbi na nyaya tu. Akarudi kwenye ratiba zake.

Kilichokuwa kimeamka kilikuwa kimeshapata njia, na njia hiyo haikuelekea chuoni.

Jumamosi kabla ya mtihani wa mradi akaja Ausi. Walitoka kijiji kimoja na waliingia jando pamoja. Ausi aliendesha baiskeli akiuza mikeka Nachingwea, naye ndiye aliyebeba salamu. Siku hiyo hakushuka kwanza. Alibaki juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akimtazama Harithi toka kichwani hadi miguuni.

"Kumbe uko huku," alisema.

"Niwe wapi tena, bwana?"

"Mama yako anakusalimu. Anasema usijisumbue kuja."

Harithi akamsogelea. "Kasema hivyo?"

"Kanenepa. Anacheka jikoni. Jioni anapika chungu cha watu wawili. Nikamuuliza, mama, una mgeni? Akaniambia, mgeni gani, si mwanangu." Ausi akatazama barabara aliyotoka. "Nikajua umerudi. Nikapiga hodi nikusalimie. Harithi, mtu alinijibu toka ndani. Sauti ya mtoto."

"Ile harufu ilikuwepo?" Harithi aliuliza kwa kunong'ona.

Ausi hakuuliza harufu gani. "Umelitaja lile jina lako la porini," alisema.

"Sijalitaja. Nimeliandika."

"Mara moja?"

"Kila siku."

"Tulikatazwa kuita." Ausi aliinamisha kichwa kwenye usukani. "Kuandika hawakutuambia. Wale wazee wangejuaje? Panda, twende sasa hivi. Wewe ndiye mwanawe. Akuone kabla hajakusahau."

Harithi akageuka kutazama chuo. Dirisha la chumba cha mashine lilimeremeta kwa jua.

"Jumatatu ndiyo mtihani," alisema. "Nikimaliza mradi nakuja."

Ausi akageuza baiskeli. "Haya, msomi." Akakanyaga pedali, akaenda zake.

Jumatatu programu ya Harithi ilipanga ratiba ya shule nzima bila kosa. Mwalimu Filbert alimpa mkono mbele ya wageni. Awadhi akampigia mluzi. Harithi hakusubiri soda. Akadandia lori la ufuta linalokwenda Ruangwa, akashukia njiani, akamalizia kwa miguu, na jua lilikuwa linazama alipoiona nyumba.

Uani palikuwa pamefagiwa. Sikuzani alikaa kwenye mkeka akichambua mbaazi, mashavu yamejaa, mdomo ukicheza na wimbo. Alionekana kijana. Alionekana mzima. Hakuwa hivyo tangu Harithi akiwa mdogo.

Akainua uso, akatabasamu.

"Kalibu, bwana," alisema. "Kalibu kiti."

Kwa Kiswahili. Kile cha sokoni, alichokitumia kwa mabwana shamba na watu wa boma. Hakuwahi kumwongelesha mwanawe Kiswahili hata siku moja.

Harithi akapiga magoti vumbini, akamjibu kwa Kimwera. Mama, ni mimi. Nimemaliza. Nimerudi.

Sikuzani akacheka kwa heshima. "Umejifunza vizuli lugha yetu."

"Mama. Ni mimi Harithi."

"Halithi." Alilizungusha mdomoni. "Ndiyo, namkumbuka. Mwanangu walimpeleka polini, wakaniambia kafa. Wakaniletea mwingine. Nikampokea, nikamlea, nikamsomesha. Lakini yule hakunipenda. Akaenda zake." Akatikisa ungo, pumba zikapeperuka. "Huyu wangu kalejea mwenyewe. Kapotea sana, masikini. Kaja ana majivu mwili mzima."

Kutoka ndani, gizani, kikasikika kidole kikigonga ubao.

Tk...

Tk...

Moshi wa nyasi mbichi ukatambaa chini ya pazia.

Harithi alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumwonyesha kuwa yeye ndiye. Kitu kilichokuwa cha wao wawili kabla ya jando, kabla ya chuo. Akafungua mdomo. Akalitamka lile jina, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. Akalitamka akilia, akijipiga kifua.

"Naam," ikaitika sauti ya mtoto, ndani.

Uso wa Sikuzani ukawaka kama taa. "Kumbe unamjua mwanangu," alisema.

Pazia likatikisika. Chini yake vikatokeza vidole vya miguu, vidogo, vya kijivu. Havikusogea zaidi. Havikuwa na haraka.

Sikuzani akainuka, akachota maji mtungini, akayaleta kwa mikono miwili kwenye kikombe cha wageni. Alimtazama Harithi akinywa. Alimwonea huruma, kama mama yeyote anavyomwonea huruma kijana wa watu.

"Usilie, bwana," alisema taratibu. "Giza linaingia. Nenda nyumbani, mama yako atakuwa anakungoja."