Mayai Viza ya Ghalia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ghalia alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake darasani aliyekuwa nayo. Aliburuta ndara mpaka kwenye kibanda cha uani, nyuma ya nyumba yao ya Ilford, akawapa viwavi majani mabichi ya plamu, akafagia mavi yao, kisha akatazama kama kuna nondo aliyetoka kwenye kifuko chake cha hariri. Kazi hiyo aliifanya huku amenuna. Watoto wa wenzao, alikuwa akisema, wanafuga paka.

Nondo hao hawakuwa wale wadogo wanaotoboa kanzu kabatini. Walikuwa nondo wakubwa wa hariri, asili yao Amerika Kaskazini, na mmoja akikunjua mabawa yake alifunika kiganja cha mtu mzima. Baba yake Ghalia, Bwana Vuai, Mpemba aliyekuwa karani mchana kutwa, aliwapenda kuliko mpira. Aliwalea na kuwazalisha, na mayai yao akayauza kwa walimu na kwa watu wengine wapendao wadudu. Mayai yalisafiri kwa posta ndani ya vichupa vidogo, na jina la Vuai lilijulikana. Mtu akinunua kwake, viwavi hutoka.

Jina hilo halikuja bure. Nondo jike wa aina hii hutaga hata asipopata dume, kama kuku, na mayai yake matupu huwezi kuyatofautisha na mazima siku za mwanzo. Lakini dume na jike wakishikana alfajiri hubaki wameshikana mpaka jioni, kwa hiyo mwenye macho atawaona. Ndiyo maana Bwana Vuai alikuwa na sharti moja, na alilirudia mpaka nyumba nzima ikalichoka: "Hatuuzi yai ambalo hatukuwaona wazazi wake wameshikana." Tena chandarua cha kuzalishia kilitundikwa nje, penye hewa, kwa sababu dume humtafuta jike kwa kunusa. Hata manukato hayakuruhusiwa karibu yake.

Mwezi wa Mei Bwana Vuai alikwenda Leicester kwenye hitma ya rafiki yake, akakaa huko siku kadhaa. Kazi ya nondo akamwachia Ghalia, maana mwalimu wake wa sayansi, Mwalimu Tarsem, alikuwa ameagiza mayai ya darasa zima. Ghalia alikwisha kujigamba kwa wenzake kwamba Jumatatu atayaleta yeye mwenyewe.

Jioni ya kwanza kulikuwa na manyunyu. Mvivu hakosi sababu, na Ghalia aliona hiyo inatosha. Badala ya kukitundika nje chandarua chenye jike na madume, alikitundika sebuleni, kwenye fimbo ya pazia, kisha akajilaza kwenye kochi na simu yake. Shangazi yake, Bi Mardhiya, alikuwa akijitayarisha kwa harusi ya watu wa Rayners Lane. Akaleta chetezo, akatia makaa na udi, akazitandaza nguo zake juu ya moshi. Moshi ukajaa sebule nzima. Ghalia aliuona ukipita katikati ya chandarua. Angeweza kusema, "Shangazi, ngoja niwatoe nondo." Hakusema. Aliona uzito kuinuka.

Asubuhi aliwakuta madume wamejibanza kila mmoja pembeni kwake, na jike amekaa peke yake. Siku zilizofuata alikitundika nje, lakini chandarua kilikuwa kimelowa harufu ya udi na madume hawakusogea. Mwisho jike akachoka kungoja, akaanza kutaga.

Bwana Vuai akapiga simu. "Vipi nondo wangu? Walishikana?"

"Ndiyo, Baba," akajibu Ghalia.

Neno moja tu, na halikumtoka kwa shida. Akaikata vipande karatasi ya ndani ya chandarua ambayo mayai yalikuwa yameganda juu yake, akayatia kwenye kichupa, na Jumatatu akayapeleka shuleni kifua mbele.

Mwalimu Tarsem akauliza nani atayatunza, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Miradie. Miradie alikuwa rafiki wa Ghalia. Wazazi wake walitoka Bukavu, na urafiki wao ulianza siku waliposikizana Kiswahili wakachekana, huyu wa Pemba na yule wa Kongo, kila mmoja akidai mwenzake anaharibu. Miradie aliyatunza mayai kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Aliyaepusha na jua. Mwisho wa juma aliyachukua kwao, akawakataza wadogo zake hata kupumua karibu na kichupa.

Siku ya viwavi kutoka ikafika, ikapita. Mayai yakaanza kubonyea katikati. Darasa lililokuwa likihesabu siku sasa likaanza kutafuta wa kulaumiwa, na halikwenda mbali.

"Ni Miradie!" akasema Harrison, mvulana mwenye sauti kubwa kuliko akili. "Ameyachukua kwao yakaiva kwa joto. Ameua viwavi wote."

"Sikuua kitu!" akapiga kelele Miradie.

"Umewaua! Muuaji!"

Wengine wakacheka, wengine wakaitikia. Mwalimu Tarsem akawanyamazisha, lakini na yeye akakosea. Alimwambia Miradie kwa upole kwamba labda kweli nyumbani kwao palikuwa na joto, na kwamba safari nyingine kazi hiyo itafanywa na Harrison. Upole wake ulikata kuliko matusi. Miradie aliinamisha kichwa mezani, mabega yakitikisika.

Na Ghalia? Ghalia alikaa kimya. Alikuwa akijua tangu mayai yale yalipotagwa. Hasira zilimpanda, lakini hazikwenda zilikostahili kwenda. Alimkasirikia Harrison kwa mdomo wake, Shangazi kwa udi wake, Baba kwa nondo wake. Akamkasirikia hata Miradie. Kwa nini analia mbele za watu? Mayai tu! Walipotoka nje, Miradie alimfuata, na Ghalia akajifanya anafunga kamba za viatu mpaka mwenzake akapita.

Jumamosi mlango ukagongwa. Alikuwa Miradie, amekishika kichupa kwa mikono miwili, macho yamemvimba. Hakumtazama Ghalia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Vuai, aliyekuwa mezani anafunga vifurushi vya posta.

"Jambo, Papa Vuai. Nimekuja unionyeshe pahali niliharibisha. Wananiita muuaji. Miye nataka kujua nilifanya nini."

Bwana Vuai akavaa miwani, akachukua kioo cha kukuzia, akayatazama mayai moja moja. Kisha akalipasua moja kwa ncha ya sindano.

"Mwanangu, hukuharibu kitu," akasema. "Yai lililouawa na joto huwa na kiwavi mfu ndani. Haya hayana kiwavi, wala hayakuwa naye. Ni viza tangu siku yalipotagwa."

Akavua miwani, uso umemwiva kwa aibu. "Basi kosa limetoka hapa kwangu. Jumatatu nitakuja shuleni kwenu nimwambie mwalimu kwamba Vuai amewauzia watoto mayai viza. Wakutake radhi wote."

Hapo Ghalia alipasuka. Alikuwa amesimama mlangoni, na sauti iliyomtoka ilimshtua hata yeye.

"Si wewe, Baba! Hawakushikana! Niliwaona hawakushikana, nikakwambia wameshikana! Umeridhika sasa? Mmeridhika nyote?"

Bi Mardhiya akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Miradie akageuka taratibu. "Ulikuwa unajua?"

Ghalia akaangalia kando.

"Waliniita muuaji, na wewe ulikuwa hapo. Ulikuwa unajua. Juu ya nini ulinyamaza? Juu ya nini, Ghalia?"

Akakiweka kichupa mezani, akatoka. Mlango ulifungwa kwa kishindo mpaka kioo chake kikatikisika.

Ghalia akamgeukia shangazi yake. "Na huyu na udi wake! Angefukiza chumbani kwake yasingetokea haya!"

"Mimi tena?" Bi Mardhiya akashika kiuno. "Hivyo wewe ulikitundika chandarua sebuleni, ukaniona nafukiza, ukakaa na simu yako kimya, leo mimi ndiye mbaya? Loo! Mtoto huyu!"

"Shangazi yako hakujua," akasema Bwana Vuai. Hakupaza sauti, na Ghalia akatamani angepaza. "Huenda udi uliwaharibu nondo, huenda si udi. Nondo hukataa wakati mwingine hata mimi nikiwapo. Ungeniambia 'Baba, hawakushikana,' ningesema basi, tutamwomba mwalimu asubiri. Lakini udi haukunijibu kwenye simu. Aliyenijibu ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyenyamaza darasani ni nani?"

Ghalia alitazama chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mengi yalikuwa ya hasira. "Nitamwandikia ujumbe. Nitamwambia samahani."

"Ujumbe?" Sasa Bwana Vuai alipaza sauti, akapiga meza mpaka vichupa vikaruka. "Yeye alitukanwa kwa ujumbe? Alitukanwa wapi?"

"Darasani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Basi jina lake utalisafisha palepale ulipoliacha likachafuka, na wote wasikie. Usiniletee samahani ya mafichoni, Ghalia. Mtu hatendi kosa uwanjani akaliombea radhi chumbani."

Jumatatu Ghalia alikwenda shuleni na kichupa kingine mfukoni, mayai ya jike aliyeshikana na dume mbele ya macho ya baba yake. Kichupa kilikuwa chepesi, lakini miguu yake ilikuwa mizito. Alimwomba Mwalimu Tarsem ruhusa, akamwonyesha mayai mapya, akasimama na kichupa mbele ya darasa. Alikuwa amejitayarishia maneno mazuri njia nzima. Yote yakapotea.

"Miradie hakuua kitu," akasema. "Mayai yalikuwa mabovu tangu kwetu. Nilijua, nikayaleta hivyo hivyo kwa sababu nilikwisha kujigamba kwenu. Mlipomwita muuaji nikanyamaza. Mwongo ni mimi."

Harrison akafungua mdomo. Mwalimu Tarsem akamkazia macho, naye akaufunga. Mwalimu alikuwa amekasirika, na hakuificha hasira yake.

"Ghalia, nitazungumza nawe baadaye, na hutayapenda mazungumzo hayo," akasema. "Na ninyi mliomwita mwenzenu jina lile bila ushahidi wowote, mtamtaka radhi mmoja mmoja kabla ya kengele. Naanza mimi. Miradie, nilikuhukumu bila kuuliza. Nisamehe. Mayai haya mapya ni yako kuyatunza, ukiyataka."

Miradie akatembea mbele, akakitwaa kichupa mkononi mwa Ghalia bila kumtazama, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Ghalia alilipa kwa kusafisha meza za maabara kila mchana, adhabu ya Mwalimu Tarsem, lakini hiyo haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kiti cha Miradie, ambacho sasa kilikuwa upande wa pili wa darasa. Alimsalimia, hakuitikiwa. Alimpelekea maandazi ya Shangazi, yakarudi na kitambaa chake.

Kisha asubuhi moja kelele zikalipuka darasani. Viwavi walikuwa wakitoka, weusi, wadogo kama punje ya ufuta, kila mmoja akila ganda la yai lake. Watoto walimzunguka Miradie, naye akawapanga kwa mstari kama askari, na Harrison akawa wa mwisho. Ghalia alisimama mbali. Miradie akamwona. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Njoo uone," akasema. "Lakini usiguse."

Ghalia aliona, na hakugusa. Lakini alifika nyumbani anafoka, akautupa mkoba sakafuni. Baba yake alikuwa kibandani, akimkinga dume mmoja kwa kiganja ili asijigonge kwenye kioo.

"Nimesema kweli mbele ya kila mtu!" akalalamika. "Nimepeleka mayai mapya, nimefuta meza mpaka mikono imebabuka, na yeye ananiambia nisiguse! Nondo ni wetu! Mimi ndiye niliyewalea! Mpaka lini atanikasirikia?"

"Mpaka hasira zake zitakapokwisha," akasema Bwana Vuai.

"Lakini nimesema kweli!"

"Umesema, na mimi nimefurahi. Ulidhani ukisema kweli mtu anakulipa papo hapo?" Akamweka nondo kwenye chandarua, akaufunga mlango wake, akamgeukia binti yake. "Mwenye kovu usidhani kapoa. Wewe ulimwona mwenzako anaonewa, na neno moja lako lingemwokoa, ukalizuia mdomoni. Jeraha hilo halifungi kwa siku moja. Kusema kweli ni wajibu wako, Ghalia, upewe kitu au usipewe. Kusamehe ni hiari yake. Na kama amekuita ukaone, baada ya yote uliyomtendea, basi amekupa zaidi ya ulichostahili."

Hasira za Ghalia zilikuwa hazijakwisha, lakini kwa mara ya kwanza alijua kwamba anajikasirikia mwenyewe.

"Kesho ataniita tena?" akauliza.

"Sijui. Akikuita, nenda ukatazame," akasema baba yake, akimkabidhi kapu la majani. "Na usiguse."