Mtungi wa Chini ya Mtini

Mtungi ulitoka baharini ukiwa mkavu ndani.

Naziha ndiye aliyegundua, kwa kuwa ndiye aliyepokea kila mtungi Mongi alipovuta kamba. Nje ulichuruzika maji na mwani, kama mingine yote waliyoilaza chini jana ili pweza waingie wakidhani wamepata nyumba. Lakini alipopitisha vidole mdomoni mwake alikuta joto, kama la jiko lililozimwa sasa hivi, na harufu ya nywele zilizoungua.

"Huu mkavu," alisema.

"Mtungi utoke baharini halafu uwe mkavu. Haya, na mimi ni bibi harusi."

"Tia mkono wako, basi."

Mongi alitia mkono ili apate la kubishia. Alikuwa mtu wa kubisha. Alibisha na madaktari, na refa wa mpira, na redio. Miaka yote aliyokata tiketi za treni kule Sfaksi alimwahidi mkewe jambo moja tu: akistaafu watarudi kwao kisiwani Kerkena, watapanda mashua ya baba yake, waende polepole, wavue cha kula, na Naziha alale kivulini mwa tanga. Mwanamke akashona magauni ya maharusi wa watu mpaka macho yakaingia ukungu, akikingoja kivuli hicho.

"Mzito," Mongi alisema. "Pweza kang'ang'ania huko ndani. Nipe chumvi."

Akatumbukiza konzi moja, kama afanyavyo kila mvuvi wa huku kwa pweza asiyetaka kuhama. Chumvi ikimgusa, pweza hutoka mwenyewe, kanuna. Hapa hakikutoka kitu cha kuonekana. Mtungi ukawa mwepesi ghafla, na mashua ikalalia upande wa kushoto, taratibu, kama kitanda anapokalia ukingoni mgeni mnene.

"Upepo," alisema Mongi.

Tanga lilikuwa limening'inia kama shuka kwenye kamba.

Tangu hapo mashua haikusimama sawa. Mongi alihamishia kulia mawe ya farumi, yale ya kuitia mashua uzito. Ikalalia kulia, mawe na mgeni pamoja. Akayarudisha kushoto, ikarudi naye. Walichoma samaki mpaka makaa yakawa majivu, na samaki akabaki mbichi, macho yakiwatazama. Chai ilichemka kwenye birika, ikafika mdomoni baridi. Mitungi yote mingine ilitoka mitupu. Kila adhuhuri upepo ulikufa palepale walipo, na Mongi akasukuma mashua kwa upondo mpaka nyumbani, akimtukana fundi wa tanga njia nzima.

Baya kuliko yote, Naziha alipotaka kujilaza kivulini alikuta mkeka umebonyea, nao una joto.

"Mtu kalala mahali pangu."

"Jua hilo."

"Jua kivulini, Mongi? Hebu nisikilize siku moja tu kabla hatujafa!"

"Nakusikiliza. Unasema upuuzi."

Siku iliyofuata adhuhuri iliwakuta mbali na pwani, saa ile watu wa kisiwani hufunga milango na kuwazuia watoto wasitoke, bahari imelala kama mafuta ya zeituni kwenye sahani, hakuna ndege, hakuna upepo, na Mongi akiwa amekaa mbele ya mkewe anatafuna mkate wa shayiri, mashavu yamejaa, midomo imefumbwa, Naziha akasikia sauti ya Mongi huyohuyo, ile ya kukwaruza, ikitoka kivulini nyuma ya bega lake, ikisema kwa upole ambao Mongi hakuwa nao tangu azaliwe: "Nipe chumvi, mke wangu."

Mongi aliacha kutafuna.

"Na hilo nalo jua?" Naziha alinong'ona.

Kwa mara ya kwanza hakubisha. Alichukua upondo.

Walimgongea Saluha, dada mkubwa wa Mongi, aliyebaki katika nyumba ya mama yao. Alifungua nusu mlango.

"Saa hizi hata mbwa wamelala. Mnataka nini?" Akawatazama nyuso, kisha akageuka kutazama mtini wa uani. "Mongi. Mtungi uliokuwa hapa chini uko wapi?"

"Nilipungukiwa na mmoja wa kuvulia, nikauchukua. Ulikuwa umefudikizwa tu, unakaliwa na kuku."

"Na hukujiuliza kwa nini umefudikizwa?"

"Ili panya wasiingie."

"Ili mwenyewe asitoke, kichwa mawe wewe!"

Ndipo waliposikia habari ambayo kila mwanamke wa nyumba ile aliijua. Kiumbe kile kilikuwa kikiwalalia vifuani watoto wachanga mpaka mama yake Mongi alipokiita mtungini, akakifudikiza na kukiacha. Wanaume hawakuambiwa kwa sababu hawakuuliza. Mwanamume gani huuliza habari za mitungi? Naye Naziha alikuwa wifi wa mjini, mtu wa kuja sikukuu na kuondoka.

"Kinaitwa kama mgeni," Saluha alisema. "Karibu ndani, nyumba ni yako. Maneno matamu. Lakini mdomo wako ukae mbali na mdomo wa mtungi, Mongi, shibiri nzima. Anayeitwa aingie, anayeita abaki nje."

"Shibiri nzima atanisikia wapi?"

"Atasikia."

"Mtungi wenyewe mdomo wake mdogo—"

"Mongi!"

Kesho yake adhuhuri walikwenda watatu, Saluha akakaa omoni, mbele kabisa, na tasbihi yake. Mongi aliupakata mtungi akaita. Mashua ikabaki imelala upande. Akaita tena, jasho likimtoka, na kivulini kitu kikacheka kidogo kwa sauti yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomshinda, kuchekwa kwa sauti yake, kwani kabla Saluha hajanyanyuka alisema, "Si nilisema hasikii," akaubandika mdomo wake kwenye mdomo wa mtungi na kupiga kelele humo ndani, "Karibu, nyumba ni—" na neno likakatika kama uzi.

Mashua ikasimama wima. Mtungi ukawa mzito hata Saluha na Naziha wakaushika pamoja kuufudikiza.

Mongi alikaa akitabasamu, amepauka.

"U mzima?" Naziha aliuliza.

"Mzima, mke wangu."

"Umekoma sasa, kichwa mawe?" alifoka Saluha.

"Kweli, dada. Kosa langu."

Mawifi wakatazamana. "Jua limempiga," alisema Saluha, bila nguvu.

Wakaurudisha mtungi chini ya mtini. Naziha akapata alichokuwa akikingoja. Upepo ulijaa tanga kila asubuhi, mitungi ilitoka na pweza wanene wa kupikia kuskusi, samaki waliiva mpaka ngozi ikalia chini ya meno. Alilala kivulini, mkeka baridi. Akisema twende kaskazini, Mongi alisema sawa. Akisema turudi, sawa. Hakumtukana mtu. Naziha akajiambia uzee umemkomaza, akafumba macho.

Siku moja walikwama kwenye fungu la mchanga. Mongi akaruka majini, maji ya kiuno, ili asukume. Mtu akishuka kwenye mashua ndogo, mashua huinuka na kuyumba. Hata mtoto anajua. Mashua haikuinuka. Ilitulia kama kikombe mezani, kana kwamba hakushuka mtu, kana kwamba siku zote hizo Naziha alikuwa akisafiri peke yake.

"Vipi, mke wangu?"

"Usingizi tu," alisema Naziha.

Walipofika alimwacha akifunga kamba, akakimbilia nyumbani kwa wifi yake. Saluha alikuwa amelala. Naziha alipiga magoti chini ya mtini, akaweka sikio kwenye kitako cha mtungi. Mbali sana huko ndani, mtu alikuwa anabisha. Alibisha kuhusu shibiri, na mdomo, na nani hakusikia. Kisha akanyamaza, na sauti ya kukwaruza ikasema:

"Naziha? Ulisema kweli. Humu mkavu."

Alikimbia jikoni kutafuta chumvi ya kumtoa. Kopo la chumvi lilikuwa jepesi. La akiba pia.

"Nimeimwaga yote baharini, mke wangu," alisema mtu wa mlangoni kwa upole. Jua la adhuhuri lilikuwa mgongoni mwake, na sakafuni mbele yake hakikuanguka kivuli. "Ya majirani pia. Njoo ulale. Mkeka nimeshautandika."