Jua la Saa Sita Huficha Mashimo

Marisela Treviño aliingia nyumbani, akaketi mezani bila hata kuvua viatu. Mumewe, Rubén, alimwekea chapati za tortilla, mayai na maharage. Alikula huku anasinzia. Wiki nzima familia yake pale Houston ilimwona hivyo: anakuja, anakula, analala, anaondoka.

Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wanaanga picha za mwezi kwa kompyuta. Wanaanga wanne walikuwa wakijiandaa kuuzunguka mwezi bila kutua. Wangepita nyuma yake, upande tusiouona kutoka duniani, kwa muda mfupi tu. Hapo walitakiwa kutazama dirishani, kutambua mabonde na milima, na kueleza wanachokiona. Picha za Marisela ziliwaonyesha mapema kile ambacho wangekiona dirishani siku hiyo.

"Leo umemaliza?" Rubén alimuuliza.

"Nilimaliza juzi. Leo wameahirisha safari."

"Sasa shida iko wapi? Si mwezi ni uleule?"

"Mwezi ni uleule," Marisela alijibu, akatamani mambo yawe rahisi hivyo.

Hayakuwa rahisi, naye alijua. Safari ikichelewa hata siku chache, jua huwa limesogea kule mwezini, na vivuli vyote hubadilika. Picha zote zilitakiwa kutengenezwa upya. Lakini alikuwa amechoka, amechoka kwelikweli. Kesho yake asubuhi alifika kazini, akafuta tarehe ya zamani kwenye picha, akaandika mpya. Nani angejua?

Mwanaanga Paige Lindqvist alikuja kufanya mazoezi. Alikaa mbele ya skrini, akataja kila bonde bila kukosea, akatoka anapiga mluzi. Marisela alizima skrini. Roho ilimsuta.

Mchana alikunywa kahawa na Otis Fontenot, mtaalamu wa miamba aliyewafundisha wanaanga. Hakutaka kuzungumzia kazi, kwa hiyo akalalamikia gari lake. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mtaa wao, boneti ikabonyea kila mahali. Mtu wa bima akaja saa sita, jua liko utosini, akatazama na kusema gari ni zima. Rubén alimsihi asubiri jioni, akakataa. Jua lilipoinama, boneti yote ikaonekana kama uso uliotoka ndui.

Otis alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Jamaa hakudanganya," alisema. "Amekuja na jua baya tu. Jua likiwa juu, shimo halina kivuli, jicho linapita. Jua likiwa pembeni, hata kashimo kadogo kanajitangaza. Mwezini ni hivyohivyo."

Marisela aliweka kikombe chini. Aliona amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mzee Otis, picha alizotumia Paige leo ni za jua la zamani. Nimebadilisha tarehe tu."

Otis aliacha kucheka, lakini hakufoka.

"Basi Paige anakariri vivuli ambavyo siku hiyo havitakuwepo. Atafika kule atafute bonde lake, asilione. Na chombo hakirudi nyuma akaangalie tena."

"Nimechoka, Mzee."

"Najua. Ungesema mapema, tungekusaidia. Nenda kamwambie Paige mwenyewe, halafu tugawane kazi."

Paige aliposikia, alinuna. "Kumbe ulikuwa unanipa majibu ya mtihani uliopita," alisema. Marisela hakujitetea. Aliomba radhi.

Otis alimtafutia wenzake wawili. Walichukua vipimo vya milima vilivyoletwa na setilaiti, kisha kwenye kompyuta wakaweka jua na chombo mahali vitakapokuwa. Safari hii hawakuandaa tarehe moja tu. Waliandaa kila tarehe ambayo safari ingeweza kuanza.

Mwanzoni Paige alipotea kabisa. Bonde alilolijua kwa kivuli chake lilikuwa limefifia kwenye mwanga mkali. Otis akamfundisha kulitafuta kwa jirani zake: udongo mweusi huku, michirizi myeupe kule. Alikosea, akakasirika, akarudia. Taratibu akaanza kulipata katika jua lolote.

Safari ikaahirishwa tena. Ofisini watu walishika vichwa. Marisela alifungua picha za tarehe mpya, zote tayari, akaondoka mapema akala na watoto wake.

Hatimaye chombo kiliruka. Kilipopita nyuma ya mwezi, redio ilinyamaza, maana mwezi wenyewe ulikuwa umeziba mawasiliano. Kila mtu alijua itakuwa hivyo, lakini Marisela aliogopa. Alikaa na wenzake, wakihesabu dakika. Halafu sauti ya Paige ikarudi.

"Bonde nimeliona. Halina kivuli hata kidogo, nimelijua kwa jirani zake. Mwambieni Marisela." Akaongeza: "Na mwambieni akalale."

Chumba kizima kilicheka. Marisela alilia, akapangusa uso, akaenda nyumbani kulala mchana kweupe.