Kumbe Sikuwa Mvivu, Niliishiwa Damu

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na moja. Sina mume, sina mtoto, na kila asubuhi nauza vitumbua nje ya soko hapa Temeke. Wanaonijua leo huniona nikipita na karai kichwani, mwendo wa haraka, wakanisifu kwamba nina nguvu za mwanamume. Wangelijua nilikotoka wasingenisifu.

Nawasimulia haya, ndugu zangu wasomaji, kwa sababu najua ziko nyumba nyingi ambamo hivi sasa mwanamke amelala mchana juu ya mkeka, na wenziwe wanamwita mvivu. Mie niliitwa hivyo kwa miaka, hadi mwenyewe nikaamini.

Niliolewa kwetu Kilwa na Salehe, karani wa bohari moja kule mjini. Tulipata nyumba hapa Temeke katika zile kota mpya za Serikali, vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, na wanawake wa mtaani wakaniambia nimepata bahati. Mama yangu alipofariki nikamchukua mdogo wangu Rukia aje akae nami. Hatukuwa na ndugu mwingine. Nilimlea Rukia kama mwanangu wa kumzaa.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili nayo ikaharibika, na kila mara nilitokwa na damu nyingi. Hata katika siku zangu za kawaida damu ilikuwa haikatiki upesi. Nilidhani ndivyo wanawake wote walivyo. Ningemuuliza nani?

Ndipo uchovu ukaniingia. Jamani, nitaueleza vipi uchovu ule? Si ule wa mtu aliyefanya kazi, akalala, akaamka mzima. Mie niliamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikienda bombani, njiani nalitua debe chini, nakaa juu ya jiwe, moyo unanidunda hadi masikioni. Nikiinama kufagia, nikiinuka macho yanaingia kiza. Jua linawaka, watu wanajipepea, nami nimejifunika shuka nasikia baridi. Kucha zikabonyea katikati kama vijiko. Nikawa na tamaa ya udongo... naubandua kwenye ukuta wa jirani, nautafuna kwa siri kama mwizi.

Mama mkwe wangu, Bi Hadija, aliyekaa nasi, hakuwa na siri na ulimi wake. Alikuwa akikaa barazani akiwaambia wapitao, "Mwanangu ameoa gogo. Gogo nalo afadhali, lingewaka moto."

Nyama ikipikwa, ya kwangu ilikuwa mchuzi. Maini ni ya Salehe, mayai ni ya Salehe. Mie ni ugali wa muhogo na chai ya rangi. Nilipopata mimba ya tatu, Bi Hadija akanikataza mayai kabisa, eti mtoto atazaliwa hana nywele.

Na mume wangu? Mwanzoni alininyamazia. Baadaye akawa anasema mbele ya watu, "Wenzako wa Mbagala wanalima mpunga na mimba tumboni. Wewe ufagio tu umekushinda."

Kazi zote zikawa za Rukia. Yeye maji, yeye kuni, yeye kumwekea shemeji yake maji ya kuoga na kumtengea chakula. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Siku moja Salehe akaniambia, "Huyu mtoto anazeekea jikoni. Nimpeleke Mtoni kwa shangazi yangu akajifunze cherehani." Nilifurahi. Nilifungua sanduku nikampa Rukia doti yangu ya kanga, ambayo nilikuwa sijaivaa hata mara moja, nikamwambia ajifunze vizuri.

Baada ya Rukia kuondoka nilianguka bombani. Aliyeniinua ni jirani yetu Mama Skola, mama wa Kikristo kutoka Songea, mumewe alifanya kazi reli. Alinivuta kope ya chini akaitazama.

"Mama, ndani ya macho yako kweupe kama karatasi," alisema. "Kesho twende hospitali, wewe na mimi."

Kule hospitali ya mjini daktari Mzungu alinipima, na nesi akanitafsiria. "Bwana mganga anasema una safura. Minyoo inakunyonya, na damu uliyoimwaga hukuirudisha. Tena una mimba. Anashangaa umefikaje hapa kwa miguu yako."

Nililia, wasomaji wangu. Si kwa hofu. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu aliniambia kwamba mie ni mgonjwa.

Nikapewa dawa ya minyoo, na chupa ya dawa ya maji ya kuongeza damu. Nesi akanionya kwamba ina chuma ndani yake, itaniachia weusi menoni, na hata choo kitakuwa cheusi, nisiogope. Nikaambiwa kila wiki chupa ijazwe tena.

Salehe akasema, "Mie niko mjini kila siku. Utajisumbua na basi kwa nini? Nipe chupa, nitakujazia." Nilimbusu mkono.

Chupa za kwanza zilikuwa chungu, kama kulamba msumari. Lakini mwili ulizipokea! Nilianza kufika bombani na kurudi bila kutua debe. Nilimsikia mtoto akicheza tumboni. Hata hamu ya udongo ikaniondoka.

Kisha dawa ikabadilika. Ilikuwa na uchungu wa namna nyingine, na haikuacha weusi menoni. Nilipomuuliza Salehe alijibu bila hata kunitazama, "Wameleta mpya kutoka Ulaya. Unataka kuwafundisha wazungu kazi?"

Nikainywa. Nikanywa asubuhi, nikanywa jioni, na nguvu zikanitoka kama maji katika mtungi uliopasuka. Miguu ikavimba. Pumzi ikawa fupi hata nikiwa nimelala. Wakati huo Salehe alikuwa amehamia kulala chumba cha mbele, akisema hataki kumsumbua mgonjwa. Niliona ni huruma... Kumbe!

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, Mama Skola alinikokota tena hospitali. Nesi ni yule yule. Akaniuliza kama dawa nainywa. Nikasema nainywa.

"Na choo?"

"Zamani kilikuwa cheusi. Siku hizi hapana."

Akanitazama. Nilikuwa nimekuja na chupa yangu. Akaifungua, akainusa, akamimina kidogo kiganjani akalamba.

"Mama," alisema polepole, "hii ni chai. Chai ya majani iliyochemka ikalala, na shubiri kidogo. Na dawa yako mumeo anaichukua hapa kila wiki, hajakosa."

Mama Skola alishika kichwa. Mie sikuelewa, au sikutaka kuelewa. Nilisema labda ameibiwa njiani. Nesi akanipa chupa mpya, akaninywesha pale pale, akasema daktari anataka nilazwe. Nikaomba nikachukue nguo kwanza. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona Rukia. Nilitaka mtu wa damu yangu anishike mkono kabla sijalazwa. Basi Mama Skola akanisindikiza hadi Mtoni, nyumbani kwa Bi Fatuma, shangazi yake Salehe.

Rukia alikuwa amekaa uani juu ya kibao cha mbuzi. Cherehani sikuiona. Niliona tumbo, karibu sawa na langu. Alikuwa amevaa ile kanga yangu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na alipofungua mdomo kwa mshtuko niliona meno yake... yalikuwa na weusi.

Bi Fatuma akaja anachechemea na kigoda. "Karibu mwanangu, kaa, usisimame na hali hiyo. Salehe alisema huwezi kutembea."

Nikamuuliza Bi Fatuma, Rukia anaumwa nini hata anywe dawa. Mama yule akashangaa. Alikuwa mtu mzima asiye na hila, nadhani yeye peke yake katika ukoo ule. Akasema, "Kwani hujui? Salehe anamletea dawa kila Ijumaa, maana mtoto hana cheti cha ndoa, hospitali angejibu nini? Sisi tuliambiwa wewe umeridhia. Talaka yako si ulipewa zamani mbele ya mashahidi? Unangoja kujifungua tu eda iishe, ndipo amwoe mdogo wako. Dini hairuhusu awaweke wawili."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimeachwa na sikujua. Mwanamume aliniacha, akaendelea kula nilichopika, akalala chumba cha mbele akisubiri tumbo langu litoke ili apate nafasi.

Nilimgeukia Rukia. "Ulijua ile dawa ni yangu?"

Aliangalia vidole vyake vya miguu. "Shemeji alisema wewe hata ukinywa hufai, dada. Alisema itapotea bure."

Salehe alitukuta pale pale, alipotoka kazini. Mfukoni mwa koti lake chupa ilikuwa imetuna. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Aliitoa, akampa Rukia, akavua kofia akakaa.

"Usianze kelele kwenye nyumba ya watu," aliniambia. "Dawa ni moja, matumbo mawili. La kwako limeshaharibu mara mbili. Mtu mwenye akili hutia mbolea penye shamba."

"Na mimi uliyeninywesha chai?"

"Ningekuambia ungelia. Nilitaka unyamaze."

Mama Skola alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.  Maumivu yalikuwa yamenishika kiunoni. Tulipofika njia ya basi nilikuwa nimeloa damu hadi miguuni.

Nilijifungua hospitali alfajiri. Mtoto wa kike, mdogo kama kifaranga. Alilia mara moja tu, kilio chembamba, akanyamaza. Nesi alimfunika, akaniambia damu yangu haikutosha kulisha watu wawili. Naye alikuwa analia.

Salehe alikuja mchana na mjomba wake. Hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Hakuuliza amezikwa wapi. Alimuuliza nesi nimejifungua saa ngapi, akamgeukia mjomba wake akasema, "Basi, eda imekwisha." Kisha akaniambia nyumba ya Serikali imeandikwa kwa jina lake, nguo zangu ameshazifunga, ziko kwa Mama Skola. Akaondoka. Wiki ile ile akafunga ndoa na mdogo wangu, na Mama Skola anasema vigelegele vya Bi Hadija vilisikika hadi bombani.

Nilikaa kwa Mama Skola miezi mingi. Yule mama, ambaye hatuchangii naye kabila wala dini, alinipikia matembele, dagaa na kunde, na bwana wake akipata maini alisema apewe mgonjwa kwanza. Dawa niliifuata mwenyewe hospitali, nikainywa kwa mkono wangu. Choo kikawa cheusi. Siku niliyobeba debe kutoka bombani bila kulitua, nililiweka chini uani nikakaa karibu nalo, nikalia sana. Ningekuwa na nguvu hizi tangu mwanzo, mwanangu angekuwa anatembea. Sikuwa mvivu. Sikuwa gogo.

Mwaka jana Rukia alinijia sokoni. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono, na wa tatu tumboni. Kabla hajanisalimu alikaa juu ya gunia la muhogo kuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alisema amechoka, hajui kwa nini. Alisema Bi Hadija anamwita mvivu, na kwamba Salehe siku hizi harudi mapema. Kisha akauliza, sauti yake ndogo, kama ile hospitali bado wanatoa ile dawa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilimwambia, "Wanatoa. Nenda mwenyewe. Chupa usimpe mtu." Yule mtoto mkubwa, yule aliyekuzwa kwa dawa ya mwanangu, alinyoosha mkono akataka kitumbua. Nilimpa. Halafu nikawageukia wateja wangu, na nilipotazama tena walikuwa wameondoka.

Sijamsamehe, na sitaki kuwadanganya. Lakini kila jioni najiuliza kama alifika.

Dada zangu mnaosoma haya... ukiona unachoka bila kazi, unatamani udongo, moyo unakudunda kwa hatua chache, usikubali kuitwa mvivu. Kapimwe damu. Kula na wewe nyama unayoipika. Dawa yako ifuate kwa miguu yako, hata kama utapumzika chini ya kila mti, maana mimi nililetewa nyumbani na mtu niliyembusu mkono, na aliyelipa ni mtoto ambaye hata jina sikuwahi kumpa.